Ute wa Kambare

Kama unasoma haya umekalia tako moja kwenye benchi la hospitali, na mfuko wa mkojo umeusitiri ndani ya mfuko wa sokoni ili watu wadhani umebeba nyanya, basi wewe ndiye ninayekuandikia. Wengine wasome tu, sina kinyongo nao, ila siwaandikii wao. Mimi si daktari. Sitakueleza mkojo unatengenezwa wapi na unapita wapi. Hayo watakuchorea wenyewe kwenye karatasi, nawe utatikisa kichwa kama umeelewa, kama nilivyotikisa mimi. Nataka kukwambia yale ambayo hawayachori.

Naitwa Yoeli. Nyumbani ni Isansa, kwetu Wanyiha, lakini riziki niliifuata Tunduma, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Kazi yangu ilikuwa kufunga maturubai. Lori linafika mzigo umelegea, dereva anapiga mluzi, napanda juu, navuta kamba mpaka turubai linakaza kama ngozi ya ngoma. Nilikuwa mwepesi na nilikuwa najisifu, na hadi leo sioni kwa nini nisingejisifu. Siku moja ya Juni, upepo ule wetu unaokuja na baridi na vumbi kwa pamoja uliingia chini ya turubai nikiwa nimelikanyaga. Likaninyanyua. Niliangukia ukingo wa tela, mguu mmoja ndani mmoja nje, kisha nikaporomoka hadi kwenye lami. Nyonga ilivunjika nikiisikia. Madereva waliokuwa wanakunywa chai pale jirani walisema baadaye kwamba hata sikupiga kelele, nilisema tu, "Aisee."

Nyonga inaungwa. Shida ilikuwa njia ya mkojo, iliyokatika huko ndani, mkojo ukawa unajaa na hautoki. Wewe uliyewahi kuzibwa mkojo sina haja ya kukueleza, na wewe ambaye hujawahi sina namna ya kukueleza. Nilimwomba Mungu anichukue, tena sikuwa natania. Daktari alinitoboa chini ya kitovu akapitisha mpira, mkojo ukashuka kwenye mfuko, na mimi mtu mzima na ndevu zangu nikamshika yule daktari mkono nikataka kuubusu. Akautoa. Nadhani anafanyiwa hivyo mara nyingi.

Mpira wa tumboni nilikaa nao msimu mzima. Nilipoanguka, mke wangu Salome alikuwa mjamzito. Mvua za kwanza ziliponyesha akajifungua mtoto wa kike, tukamwita Ruti. Nilimpakata upande wa kulia tu, kwa sababu wa kushoto ulikuwa wa mfuko. Salome aliacha kazi yake ya kuwauzia Wazambia vitunguu, akawa na watoto wawili, mmoja mchanga na mmoja mwenye magongo. Kitandani tulikuwa kama wapangaji wa nyumba moja: tunasalimiana, tunaulizana kama taa imezimwa, basi. Nilikuwa nanuka. Najua nilikuwa nanuka kwa sababu wageni walikuwa wanakaa karibu na mlango.

Mahindi yalipoanza kubeba wakaniita hospitali ya rufaa, Mbeya, nikapasuliwa. Njia iliyokatika wakaivuta na kuiunganisha. Mkojo ulipotoka tena pale Mungu alipouwekea njia, nilisimama chooni nikalia mpaka mgonjwa wa nyuma yangu akagonga mlango akisema, "Mzee, na sisi tuna haja."

Kabla ya kuniruhusu, daktari alikuja akakaa kitandani kwangu. Daktari akikaa kitandani, jua kuna jambo.

"Yoeli, njia imeshika," alisema. "Lakini kovu lina tabia ya kurudi. Kila siku utajipitishia mpira mwenyewe, uingie utoke, ili njia isizibe. Usiruke hata siku moja. Ikiziba tena, mimi sina nyama nyingine ya kuvuta. Utarudi kwenye ule wa tumboni, na huo utakuwa wa maisha."

Kwa hiyo elewa tangu hapa, kama nilivyoelewa mimi: nilikuwa na njia moja, na nafasi moja ya kuitunza.

Sista aliyenifundisha alikuwa mtu wa Kagera, mkali, mwenye mikono laini. Alileta boksi la mipira iliyoachwa na madaktari wageni waliokuja kufanya upasuaji. Haikuwa kama ile ya kawaida unayopakwa jeli. Hii inakuja mikavu, kila mmoja kwenye pakiti yake. Akafungua mmoja, akamimina maji safi yaliyochemshwa yakapoa, akasubiri kidogo. Aliponyanyua, mpira ule ulikuwa umejaa ute, unateleza kama mlenda ulioiva.

"Huu utelezi umepakwa kiwandani," aliniambia. "Ukikutana na maji unaamka. Mwili haugombani nao. Usipake mafuta juu yake, usiufute, usishike katikati. Unapita kwa huo ute. Umesikia, Mnyiha? Maana ninyi ni wagumu."

"Nimesikia, sista."

Mara ya kwanza nilifumba macho nikakaza meno. Uliteleza ukapita. Kuwasha kidogo tu, kama umemaliza kukojoa kwa haraka. Nikamwambia sista, "Kumbe kuna watu walikaa wakafikiria habari yangu." Akacheka. Hadi leo nikiwaza mtu huko kiwandani akipaka utelezi kwenye mpira ili mimi wa Tunduma nisiumie, nalainika moyo, na mimi si mtu wa kulainika.

Tukarudi Tunduma na maboksi yetu. Ruti alikuwa ameanza kukaa mwenyewe kwa kuegemezwa mito. Salome alitaka kurudi sokoni, maana chungu hakijazwi kwa maombi peke yake, akamwomba mama yake aje kutusaidia. Mama mkwe wangu ni mtu wa Ivuna, kule bondeni kuelekea Ziwa Rukwa, kwenye chumvi na kambare. Alishuka kwenye gari na kiroba cha chumvi ya kwao kichwani na furushi la kambare wakavu, baridi ya kwetu ikampiga, akajifunga kitenge juu ya kitenge hadi akabaki macho tu.

Hapa lazima nikueleze jambo moja, ama hutanielewa. Kwa kina Salome, na kwetu pia, mkwe na mama mkwe hawasemeshani. Hawatazamani usoni, hawapishani mlangoni. Mpaka siku wazee wa pande zote wakae, kuku apikwe, mkwe na mama mkwe wale sahani moja. Hapo ndipo mdomo unafunguliwa. Sisi siku hiyo tulikuwa tunaiahirisha, mara msiba, mara mavuno mabaya, mara mimi huyo chini ya lori. Kwa hiyo yule mama alikaa nyumbani kwangu, akanipikia, akanifulia, na hatukuwahi kupeana hata "shikamoo". Akitaka kuniambia jambo alimwambia Ruti.

"Ruti, mwambie baba yako uji umeiva."

Ruti anatokwa na mate tu.

"Ruti, mwambie baba yako jua limetoka, akae nje apate joto."

Nami namjibu Ruti, "Mwambie bibi nimesikia, asante." Salome alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta. Ilikuwa ndiyo furaha yetu ya miezi ile.

Lakini sasa tatizo likawa jina. Niseme mbele ya mama mkwe, "Mama Ruti, niandalie mpira"? Jamani! Kwetu mpira ni wa kuchezea, mpira ni bomba la kumwagilia, na mpira ni kile kitu kinachouzwa kwenye kibanda cha dawa watu wakiongea kwa kunong'ona. Ningeona aibu hadi kaburini. Salome ndiye aliyepata jina. Alikuwa ameushika ukiwa umelowa, ukamponyoka ukaangukia kwenye beseni, akasema, "Huyu kambare!" Tukacheka. Tangu siku hiyo mpira ukawa kambare. Tuliona tumefanya akili sana.

Basi kila asubuhi kabla hajaenda sokoni, Salome alifungua pakiti, akaweka mpira kwenye bakuli jeupe, akamimina maji yaliyochemshwa, akafunika kwa sahani, akaliacha bafuni. Bafu letu liko nje, la mabati. Mimi na magongo yangu naenda taratibu, tena baada ya uji. Akiwa anatoka na beseni la vitunguu anapaza sauti, "Baba Ruti, kambare yuko bakulini!" Nami najibu, "Haya."

Siku chache baada ya bibi kuja, mpira ukabadilika.

Niliushika, ukawa hautelezi. Ulikuwa unanata kwenye vidole, kama gundi iliyoanza kukauka. Niliuingiza hivyo hivyo. Mwenzangu, ulikwangua. Uliwasha kama pilipili, nikaona nyota mchana kweupe. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu nikaona damu kwenye simenti, nyekundu ya kung'aa, nikamwaga maji haraka isije ikaonekana.

Nikasema ni kovu. Daktari alisema kovu linarudi, na hili ndilo, linarudi. Kwa hiyo nikasukuma zaidi. Nilikuwa na taulo dogo nalitafuna nisije nikalia, kwa sababu nje ya mabati yuko mama mkwe anachambua mboga, na mwanamume hawezi kumlilia mkwewe vilio vya huko chini. Wakati mwingine sauti ilinitoka.

Nilimwambia Salome jioni, kwa kunong'ona. Akafungua pakiti nyingine kuchunguza tarehe. Tarehe ilikuwa bado. "Labda joto la bati limeiharibu," akasema. Akayahamishia maboksi chini ya kitanda. Haikusaidia. Kisha akasema neno ambalo lilinikera: "Unaupitisha kwa hasira, Baba Ruti. Unafanya kila kitu kwa hasira siku hizi." Nikamjibu kwamba yeye mwenye njia nzima anyamaze. Nikamwambia na mengine, siyaandiki. Alilala amenipa mgongo, na asubuhi akaandaa kambare kama kawaida, akapaza sauti kama kawaida, ila haikuwa na kicheko.

Kahawa ilikuwa inachumwa huko Mbozi, Ruti ameanza kutambaa, siku niliyoanguka bafuni. Homa ilinianza kwa kutetemeka, meno yanagongana, magongo yakaniponyoka. Nikalala pale kwenye simenti bila nguo, mpira umeingia nusu, damu inatiririka kuelekea kwenye tundu la maji. Nilikuwa nasikia kila kitu. Nilimsikia bibi anakuja mbio mpaka mlangoni. Akasimama. Hawezi kuingia, ndani kuna mkwe wake uchi. Alikuwa na Ruti mgongoni, Ruti analia.

"Ruti!" alipiga kelele. "Ruti, mwambie baba yako asife! Mwambie asife, nakwenda kuita watu!"

Akafungua mlango kidogo, uso ameugeuzia ukutani, akavua kitenge chake cha juu akanirushia. Kilinifunika kifua na tumbo. Kisha nikamsikia barabarani anawaita majirani kwa Kinamwanga, lugha ya kwao, sauti imempasuka. Kitenge kile kilinuka moshi na samaki. Nilikishika kwa meno badala ya taulo.

Uchafu ulikuwa umeingia kwenye damu. Nilipelekwa Mbeya nikiwa sijitambui vizuri. Wanasema nilikuwa nawaita madereva, naomba kamba. Nilipozinduka nilikuwa nimekonda hadi pete ya ndoa imehamishiwa kwenye kidole gumba cha Salome, na mpira wa tumboni umerudi. Ngozi ya viganja ilikuwa inabanduka. Salome alikaa kwenye kibenchi kando ya kitanda. Bibi alikuja naye kwa ajili ya Ruti, lakini wodini hakuingia. Alitandika kitenge nje, chini ya dirisha langu, akakaa ametupa mgongo, mtoto miguuni. Wakati wa kunyonyesha Salome anatoka, akimaliza anarudi.

Sista yule wa Kagera alikuwa haamini. Alisema nilikuwa mwanafunzi wake mzuri. Siku moja, jua la saa nne limeingia dirishani, akaleta pakiti na bakuli akamwambia Salome, "Hebu nionyeshe mnavyoandaa nyumbani. Bila kuruka kitu."

Salome akafungua. Akamimina maji. Akasubiri. Akaunyanyua mpira, ute ukaning'inia.

"Mbona ni sawa kabisa?" sista alisema. "Huu ute ndio wenyewe. Ndio unaoutenga mpira na nyama yake. Ukiutoa huu, unamkwangua mtu mzima mzima."

Kisha kutoka chini ya dirisha tukasikia, "Ruti."

Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Ruti, mwulize sista. Huo ute si uchafu?"

Sista akachungulia nje. "Nani anamtuma mtoto mchanga? Si uchafu, bibi. Ndiyo kinga yake hiyo."

"Basi mwambie sista," bibi akaendelea, bado ametupa mgongo, "kwamba mimi nimekuwa nautoa. Kila siku. Mama yako anasema kambare yuko bakulini, halafu anakwenda zake. Nikafunua. Nikaona kitu chao cha hospitali, kina ute kama kambare kweli. Nikasema ndiyo maana wanamwita hivyo, wanaona aibu kuniambia nikisafishe. Sisi kambare tunamtoa ute kwa chumvi. Nikamsugua kwa chumvi, nikamsuuza, nikamfuta kwa kitambaa safi, nikamrudisha kwenye maji."

Salome alikuwa bado ameushika ule mpira. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye shuka langu.

"Na nikawa namsikia baba yako anaugulia," bibi alisema. "Nikasema, bado hajatakata. Nikaongeza chumvi."

Ruti akapiga makofi, maana alikuwa amejifunza siku zile. Mimi nilivuta shuka nikajifunika uso.

Daktari hakukaa kitandani safari hii. Alisimama. Alisema njia imeziba, tena kwa urefu kuliko mwanzo, na kovu limekuwa gumu. Alisema pole. Nilimuuliza kama kuna mahali pengine, Dar es Salaam, au ng'ambo, akasema anaweza kuniandikia niende, lakini asingetaka kunidanganya. Nilimshukuru. Ndivyo lilivyoisha lile suala la njia yangu, kwa mazungumzo mafupi kuliko ya kununua kuku.

Nilimchukia yule mama. Nasema hivi wazi, kwa sababu wewe uliye kwenye benchi pengine una mtu unayemchukia na unajiona shetani. Nilimchukia kwa moyo wote. Hakungoja kuambiwa, alifunga furushi lake akarudi Ivuna, na kile kiroba cha chumvi akakiacha jikoni kwa sababu mkono haukuthubutu kukigusa. Mimi nikakataa chumvi. Nikamwambia Salome chumvi isiingie kwenye chakula changu, si ile ya Ivuna, si ya dukani. Akanipikia ugali na maharage baridi yasiyo na ladha, nayo nikayala kwa ukaidi, nikimtazama. Yeye anamlilia mama yake, ananililia na mimi, anakwenda sokoni macho yamevimba, wateja wake Wazambia wanamwuliza, "Bamayo, mama, kuna msiba?" Anasema hapana, ni vitunguu.

Mpira wa tumboni unabadilishwa hospitali kila baada ya muda, na huko ndiko unakokutana na wenzako. Mimi nilikutana na mzee mmoja wa Isongole, mfanyabiashara mdogo wa kuvuka mpaka wa Malawi, naye ana mpira wake tumboni kwa sababu ya tezi dume. Mzee mcheshi. Akikuona tu anasema, "Karibu chamani, kadi yako iko wapi?" na anafunua shati kuonyesha yake. Katika kusubiri nikamsimulia habari yangu yote, kambare na chumvi, nikitegemea atasema maskini, umeonewa.

"Huyo mama," akasema, "alikuwa anakishika kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Kitu kinachokwenda kuingia huko?"

"Ndiyo, mzee."

"Na hakuona kinyaa." Akavuta shati lake likafunika. "Mimi kwangu sahani yangu imetengwa. Kikombe changu kiko peke yake, na kijiko. Wanangu wa kuzaa hao. Wakinipa chakula wanaweka chini, wanarudi nyuma." Kisha akaitwa jina, akanyanyuka, akaingia. Hakunitazama.

Sikusamehe pale pale, usidhani. Nilikasirika na yule mzee pia. Lakini nilirudi nyumbani nikiwa na picha kichwani iliyokataa kutoka: mwanamke mtu mzima, mwenye heshima zake, ambaye haruhusiwi hata kuniangalia usoni, amechuchumaa kwenye baridi ya Tunduma anasugua kitu changu kwa chumvi ya kwao, kwa uangalifu, kisha anakifuta kwa kitambaa safi. Kila siku. Na mimi ndani ya mabati natafuna taulo ili asisikie. Kila mtu anamheshimu mwenzake mpaka damu inatoka.

Kwa hiyo nikuachie haya, halafu nimalizie. Hiyo mipira yenye utelezi ikikupata, ni baraka, ipokee. Utelezi ule si uchafu na si ute wa kitu kilichooza. Usiuoshe, usiufute. Na tafadhali, usiipe jina la utani. Iite mpira wa mkojo, kwa sauti, mbele ya mama, mbele ya mkwe, mbele ya mchungaji akija kuomba. Aibu yake inaisha siku ya pili. Maboksi yangu yaliyobaki nilimrudishia sista, akampa mtu mwingine, na akaniambia amewaita ndugu wote wa mtu huyo waje waone ute kwa macho yao.

Mvua zilipoanza tena, Ruti anatembea kwa kushika ukuta, nilimwambia Salome atume neno Ivuna kwamba ninakuja kula kuku. Aliweka beseni chini. Alinishika sikio kama anavyomshika Ruti, akaondoka.

Tuliteremka na gari la mizigo, mfuko nimeufunga pajani, kila shimo la barabara nalisikia tumboni. Joto la bondeni likanipokea kama mtu aliyefungua mlango wa tanuri la mkate. Kaka yangu mkubwa alitoka Isansa kuniwakilisha. Wazee wakakaa, wakasema yanayosemwa, wakaulizana yanayoulizwa. Kisha tukawekewa mkeka mimi na mama mkwe, sahani moja ya ugali na bakuli moja la kuku katikati. Akaja akakaa. Alikuwa amezeeka ghafla. Macho alikuwa ameyatupia kwenye mkeka, na mikono ameifutika ndani ya kitenge, kama mtu asiyeiamini.

Mmoja wa wazee akasema, "Haya, kuleni. Mkishameza mtasemeshana."

Nikamega. Nikachovya. Nikameza. Naye akachukua tonge dogo akameza. Watu wote wakasubiri neno la kwanza, na ni la mkwe kuanza.

Yule kuku hakuwa na chumvi. Hata chembe. Ivuna, mahali chumvi iko kila nyumba, alikuwa amepika kuku wa mkwe bila chumvi. Habari za ukaidi wangu zilikuwa zimemfikia. Nilitazama viganja vyake, alivyokuwa amevirudisha ndani ya kitenge.

"Mama," nikasema, "naomba chumvi."

Hakuinua uso. Nilidhani hakusikia. Kisha akanyanyuka taratibu, akaingia jikoni, akatoka na chumvi kwenye kibakuli cha mti. Akapiga magoti mbele ya bakuli letu, akachota kwa ncha za vidole, akanyunyiza. Nyingine ikamwagikia kwenye mkeka. Akasimamisha vidole juu ya mchuzi, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe.

"Niongeze, baba?"

"Ongeza, mama."